Mita 24 Zilizopotea

Mhariri ametuomba tuandike kuhusu makabati ya shule yetu ya Jumamosi hapa Leicester, na tunajua alitaka habari ya furaha: fedha zilichangwa, makabati yakajengwa, watoto wakapata pa kuweka vitabu vyao. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi wanakamati hatukulitia katika taarifa ya mwaka, na tumekubaliana kulieleza hapa, kwa sababu aliyekosewa alikosewa mbele za watu, na si haki aombwe radhi kwa simu.

Wanaotufahamu wanajua kwamba tunakodi vyumba viwili kila Jumamosi kuwafundisha watoto Kiswahili, maana mtoto akizaliwa huku ughaibuni na asifundishwe, bibi yake akipiga simu kutoka nyumbani watabaki kuulizana hali kisha wanyamaze. Hadi mwaka 2023 vitabu vyetu vilikaa katika maboksi sakafuni. Utani wa kubeba maboksi ughaibuni tunaujua sote, ila kuyabeba maboksi hata siku ya mapumziko tuliona imezidi. Tukaamua kuchanga. Mama Mweka Hazina, ambaye hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa akija asubuhi moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu, daftari mkononi, na kila pauni iliyotolewa aliiandika mbele ya aliyeitoa. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alikuwa akisema, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Kununua makabati mapya kungekula fedha zote. Tukasema, kwani sisi hatuna fundi? Tunaye. Ndugu yetu huyu alijifunza useremala Zanzibar katika karakana ya mjomba wake, akiwa kijana wa kushika taa na kuokota misumari, mpaka akakabidhiwa randa. Alikulia kwenye mninga, mvule na mfenesi. Hapa Leicester hupanga mizigo ghalani usiku, na randa zake ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Tulipomwomba, hakuuliza malipo. Aliuliza tu, "Mbao gani?"

Tulipomjibu kuwa ni chipubodi iliyovishwa melamini yenye sura ya mwaloni, alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa wali akaletewa makoko.

Kwa wasiojua, chipubodi ni maranda na vipande vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi. Juu na chini huvishwa ngozi ngumu ya melamini, ikapendeza na kufutika kwa kitambaa. Tatizo lake ni ukingoni. Ukiukata ubao ule, tumbo lake linabaki wazi, na tumbo hilo hunywa maji. Likishanywa huvimba, na likishavimba halirudi. Gundi nyingi ya mbao hizi ina fomaldehaidi, na mvuke wake hutoka zaidi kwenye kingo zilizo wazi kuliko kwenye uso uliofunikwa. Kwa hiyo kingo hufunikwa kwa utepe mwembamba wenye rangi ileile ya ubao. Upo utepe wa karatasi ya melamini, upo wa plastiki, na upo wa mti wenyewe uliochongwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Sisi tulichagua ule wa karatasi ulio na gundi kavu mgongoni, ambao hubandikwa kwa pasi ya nguo. Upana wake milimita 22, kwa ubao wa unene wa milimita 18, ili ubaki ziada ya milimita 2 kila upande ya kukatwa. Roli moja ilikuwa ya mita 50.

Sasa ije hesabu. Tulikuwa tunajenga makabati sita, kila moja urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 90, na kina cha sentimita 35, lenye milango miwili na rafu nne. Hesabu ya utepe ilipigwa mkutanoni, nyuma ya bahasha, huku chai na mandazi vinapita. Tulisema hivi: milango ni 12, kila mlango una mzunguko wa mita 4.5, kwa hiyo mita 54. Mbao za ubavuni ni 12, kila moja ukingo wa mbele mita 1.8, kwa hiyo mita 21.6. Jumla mita 75.6. Roli mbili ni mita 100. Zinatosha, na zitabaki mita 24.4. Mmoja wetu akasema kwamba zitakazobaki zirudishwe kwa Mama Mweka Hazina, zitafaa siku nyingine. Mama akaandika katika daftari: "Utepe utakaobaki, mita 24."

Tunaomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo, kwa sababu tangu siku ile mita 24 zilikuwa mali ya jamii, ingawa hazikuwahi kuwapo duniani.

Fundi alifanya kazi wikendi saba. Duka lilitukatia mbao kwa vipimo, na yeye akazileta hai. Tulimsaidia kadiri ya uwezo wetu, yaani tulishika upande wa pili na kutoa maoni. Alitia pasi kwenye joto la nguo za pamba, bila mvuke, akaipitisha polepole juu ya utepe, kisha akaukandamiza kwa kipande cha mti mpaka gundi ikapoa. Ziada aliikata kwa kisu, akamalizia kwa msasa mwembamba, akitembeza mkono mmoja tu kuelekea chini ili utepe usifumke. Kila mlango alianza ukingo wa juu na wa chini, ndipo akaja kwenye zile pande ndefu, ili utepe mrefu ufunike ncha za ule mfupi na jicho lisione maungio. Mabaki yote aliyatia ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye kitasa. Tulidhani ni mfuko wa taka.

Wikendi ya saba alituambia utepe umekwisha na bado milango mitatu.

Hakuna aliyesema neno siku ile. Maneno yalisemwa jikoni, na kwenye magari, na kwenye simu za usiku. Umekwishaje na ulikuwa ubaki? Mwingine akakumbuka kwamba alipokwenda kumtembelea fundi Idi iliyopita aliona sebuleni meza ya televisheni, mpya mpya, yenye kingo za rangi ya mwaloni. Aliyesikia hilo alimwambia wa pili akiwa ameongeza kidogo, na wa pili akamwambia wa tatu. Zikapita siku kumi, tukaitisha mkutano. Ajenda ilikuwa "Mengineyo". Tulipofika kwenye mengineyo, mmoja wetu, ambaye hakuwa na nia mbaya na hadi leo hajalala vizuri, aliuliza mbele ya watu wapatao thelathini, pamoja na mke wa fundi na binti yake mkubwa: "Kwenye daftari tuna mita 24 za kubaki. Tungependa kujua ziko wapi."

Fundi alisimama. Alisema, "Utepe wote uko kwenye makabati." Akanyamaza kidogo, kama anayengoja mtu amsaidie, na kati yetu hakuna aliyemsaidia. Akatoa ufunguo wa ukumbi mfukoni, akauweka mezani taratibu, akawaambia jamaa zake, "Haya, twendeni."

Jumamosi iliyofuata wawili wetu tulikwenda kununua roli ya tatu katika duka dogo la vifaa vya mbao. Tulimweleza mzee aliyekuwa nyuma ya kaunta, kwa Kiingereza, kwamba tunataka utepe wa mwaloni wa milimita 22. Tukasemezana wenyewe kwa Kiswahili kwamba safari hii roli ifungiwe nyumbani kwa Mama Mweka Hazina, itolewe kwa kipimo.

Mzee akainua macho. "Mnamfungia nani?" akauliza, kwa Kiswahili.

Wenye umri katika mji huu hawatashangaa. Mzee huyu ni Singasinga kutoka Jinja, na useremala ni kazi ya baba zake. Alikuja hapa mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mwaka huohuo Halmashauri ya Jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasije Leicester kwa sababu nyumba na shule zimeelemewa. Walikuja. Alitueleza hayo pasipo kinyongo huku anatafuta penseli. Kilichobaki moyoni mwake, alisema, ni kwamba kabla ya kuondoka kule Jinja alihesabiwa hadi nyundo, na aliyemhesabia hakujua nyundo ni nini.

"Basi mmehesabu?" akauliza.

"Tumehesabu, mzee."

"Leteni."

Tukamwonyesha picha ya ile bahasha kwenye simu. Aliitazama muda mfupi sana. "Milango ipo," akasema. "Ubavu upo. Rafu ziko wapi?"

Tukatazamana.

"Vitabu vyenu vitakaa hewani?"

Alichukua karatasi ya kufungia mizigo, akapiga mistari, akaanza upya kama afanyavyo mwalimu wa darasa la tatu. Andikeni kila kipande, alisema, hata kiwe kidogo namna gani, kila kipande na mstari wake. Kisha ulizeni kila kipande: ni ukingo gani wako unaoonekana, na ni upi unaoguswa na maji? Nyuma haionekani, mwacheni. Rafu inaonekana mbele tu. Mlango unaonekana pande zote nne ukifunguliwa.

Kwa kabati moja ikawa hivi. Mbao mbili za ubavuni, ukingo wa mbele, mita 3.6. Ubao wa juu na wa chini, unaoingia katikati ya zile za ubavuni, kila mmoja sentimita 86, jumla mita 1.72. Rafu nne za sentimita 86, jumla mita 3.44. Milango miwili, mita 9. Kabati moja: mita 17.76. Mara sita: mita 106.56. Hapo tayari tulikuwa tumepita roli mbili, kabla fundi hajawasha pasi.

"Bado," akasema mzee. Utepe haukatwi sawa na ubao, hukatwa kwa ziada ya kama sentimita mbili na nusu kila ncha, ndipo upunguzwe. Kwa hiyo kila kipande cha utepe ongezeni sentimita 5. Kabati moja lina vipande 16: viwili vya ubavu, viwili vya juu na chini, vinne vya rafu, vinane vya milango. Hiyo ni sentimita 80 kwa kabati. Makabati sita yakafika mita 111.36. Juu yake huongezwa sehemu moja katika kumi kwa ajili ya kuungua, kupinda na mkono wa binadamu. Mita 122 na nusu. Gawanya kwa 50, unapata mbili na kitu, na dukani kitu hakiuzwi. Roli tatu.

"Huyo mliyemfungia utepe," akauliza mzee, "amebakiza nini?"

Tukasema, milango mitatu.

Akaandika: kila mlango mita 4.7 pamoja na ziada, mitatu mita 14.1. Akazitoa kwenye 111.36. Ikabaki 97.26. "Mtu huyo amefanya kazi ya mita 97 kwa utepe wa mita 100. Ameharibu chini ya mita 3. Mimi nikiwa kijana Jinja niliharibu zaidi ya hapo kwa siku moja." Akatupa roli, akatupa na karatasi. Karatasi hakuitoza.

Tulikwenda ukumbini moja kwa moja. Ule mfuko bado ulikuwa umetundikwa kwenye kitasa. Tukaumwaga mezani. Vile vipande vidogo vya ncha, vya sentimita mbili mbili, tuliviacha. Tukatenga vile virefu: kimoja cha mlango kilichoungua katikati, na kimoja cha rafu kilichokaa upande. Tukavipima kwa futi. Vilikuwa mita 2 na robo tatu. Roli mbili zilikuwa mbele yetu zote, nyingine ukutani na nyingine mezani, na mmoja wetu alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto akainamisha kichwa.

Na ile meza ya televisheni? Fundi aliinunua kwa mtu, ikiwa na kingo zake. Kingo hizo ni za plastiki ya unene wa milimita 2, unene ambao pasi yetu isingeuweza. Yeyote kati yetu angeipitisha kidole angejua. Tulikunywa chai juu ya meza ile na hakuna aliyeigusa.

Jioni ile tulikwenda kwake sote, Mama Mweka Hazina akiwa mbele na daftari. Alifungua ukurasa ule, akaufuta mstari wa mita 24 kwa wino mwekundu mbele ya fundi, akasema, "Nimeandika kitu ambacho sikukiona kwa macho, baba. Nisamehe." Sisi wengine tulisema yetu, kila mtu kwa uwezo wake. Fundi alisikiliza, akamwita mkewe alete kahawa. Kisha akaomba aione ile karatasi ya mzee. Aliisoma mstari kwa mstari, akafika kwenye rafu, akacheka kwa mara ya kwanza. "Wallahi, na mimi sikuziuliza," akasema. "Kwa mjomba tulijenga kwa mti mzima. Mti mzima ukiukata, ndani ni mti vilevile. Sikuzoea kununua ukingo." Akaichukua karatasi ile akaikunja, akaiweka mfukoni, na hatukumdai.

Binti yake hakutoka chumbani. Hilo nalo tuliliandika, kila mtu ndani ya moyo wake.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnajijengea makabati ya jikoni wikendi, kwa hiyo tuwaachie yaliyotugharimu. Orodhesha vipande vyote kabla ya kufikiria utepe, na usihesabu kwa kukumbuka. Weka alama ya penseli kwenye kila ukingo utakaofunikwa, kabla mbao hazijachanganyika. Kama utepe wako ni mwembamba wa karatasi, vipimo vya ubao huviathiri kwa nadra sana. Ila ukitumia plastiki ya milimita 2 pande zote, mlango wa sentimita 45 ukatwe milimita 446, ama sivyo milango miwili itagombana katikati. Usisahau kingo za chini za ubavu, zinazokanyaga sakafu na kupigwa deki kila wiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hizo tulizisahau mara zote mbili, hata mzee hakuziona kwa sababu hatukumwambia kwamba makabati hayana miguu. Fundi ndiye aliyekumbuka. Na roli zote nunua siku moja, kwani utepe wa jina moja na namba moja ukitengenezwa siku nyingine unaweza kutofautiana rangi.

Hilo la mwisho mtaliona wenyewe mkija. Milango mitatu ya makabati yale ina kingo zilizokolea kidogo kuliko wenzake. Wageni hawaoni. Sisi tunaona kila Jumamosi. Iliwahi kupendekezwa ibanduliwe na kubandikwa upya, na Mama Mweka Hazina akakataa. Alisema makosa mengine yaachwe mahali yanapoonekana na wenyewe.

Katika roli ya tatu, milango ilichukua mita 14.1 na kingo za chini za makabati sita zikachukua mita 4.8. Zimebaki mita 31, na safari hii tumezipima kwa mkono, kipande kwa kipande, mbele ya watu. Watoto wameongezeka na tunataka kabati la saba. Pamoja na kingo za chini, ziada za ncha na ile sehemu moja katika kumi, linahitaji mita 21.3. Fundi amekubali, kwa sharti kwamba ahesabu yeye na binti yake, nasi tushike upande wa pili tu bila kutoa maoni. Kazi itaanza Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, saa nne asubuhi. Atakayeweza aje na pasi, kwa sababu ile ya ukumbini imeshachoka.